Bwana Lubega na Hodi Yake

Naomba niweke kumbukumbu sawa kabla wengine hawajaziweka wanavyotaka wao. Sikuwahi kusema kwamba filamu mpya za Bwana Lubega ni mbaya kwa sababu mimi ni mzee. Maneno hayo ni ya vijana wa kibanda umiza cha Ujiji, kile kibanda cha kuonyeshea filamu, nao huyarudia kila Jumamosi mchana kana kwamba yamebandikwa ukutani. Nilichosema mimi ni kwamba shujaa yule amebadilishwa tabia, na kwamba waliombadilisha hawakutoa sababu. Hayo ni madai mawili yaliyo mbalimbali, na mtu aliyetumikia masijala ya serikali mpaka akastaafu anajua hasara ya kuweka karatasi katika jalada lisilo lake.

Kwa asiyemfahamu, Bwana Lubega ni shujaa wa filamu za ng'ambo, mwanamume anayeruka angani na kukunja chuma kwa mikono mitupu. Jina lake la Kiingereza halina uzito hapa. Watu wa Ujiji walimpa la kwao mara tu filamu yake ya kwanza ilipofika, kwa kuwa joho lake lilifungwa fundo juu ya bega moja, kama wazee wa milimani kwetu wanavyojifunga shuka kwa mtindo wa lubega. Tangu wakati huo sura yake imebadilika kila baada ya miaka kadhaa. Wa kwanza alikuwa na joho la kijivu lililofika magotini na uso wa mtu aliyelala vizuri. Aliyemfuata alifupishiwa joho. Huyu wa sasa hana joho kabisa. Amevaa ngozi nyeusi inayombana kama tyubu ya baiskeli, hulia bila kueleza kinachomliza, na haingii mahali pa mtu ila kwa kupasua ukuta.

Mashabiki wake wamegawanyika kufuatana na sura hizo. Wapo wanaoapa kwa huyu wa ngozi, wapo wa joho fupi, na kwa muda mrefu wa joho refu nilibaki peke yangu. Watu walidhani ninalililia joho, nami sikulilia kitambaa. Bwana Lubega niliyemjua alikuwa akipiga hodi. Aliweza kupenya zege, lakini akifika mlangoni au dirishani mwa mtu alisimama, akasema, "Hodi wenyewe," akangoja. Ukumbi mzima ulimwitikia, "Karibu!" Ndipo akaingia. Hata pango la jambazi aliliingia kwa hodi. Zamani nilikuwa nikiwaambia makarani wapya, waliokuwa wakifungua mlango wa ofisi yangu kwa bega, kwamba yupo mtu anayeweza kuubeba mlango huu akaondoka nao, na bado anagonga.

Nyumba yangu iko Katubuka. Ina vyumba vingi kuliko vinavyohitajika, maana niliijenga kwa hesabu ya familia, na watoto wangu sasa wako Dodoma na Mwanza, wakipiga simu Jumapili baada ya ibada. Mke wangu alifariki muda mfupi baada ya mimi kustaafu. Alikuwa mzaliwa wa Ujiji, mwenye Kiswahili cha nyumbani kwao, chepesi na chenye mzaha, tofauti na changu ambacho nilikipata darasani na kukimalizia ofisini, kwa kuwa nyumbani kwetu milimani tulisema Kiha. Tulipooana tulipanga Ujiji, karibu na ukumbi wa video, na tulikwenda pale mara nyingi. Hii ndiyo sababu ninapanda bajaji kila Jumamosi kwenda kutazama filamu mahali penye mabenchi yasiyo na migongo, ilhali televisheni ninayo sebuleni.

Sababu nyingine nitaisema pia, kwa kuwa nimeahidi kuweka mambo sawa. Jumamosi mchana ndio wakati pekee katika juma ambapo watu walikuwa wakinibishia. Siku nyingine hunisalimu. Katubuka nzima hunipa shikamoo, tangu fundi wa viatu hadi wanafunzi, nami naitikia marahaba, na baada ya hapo kila mmoja anaendelea na njia yake. Mtu anaweza kupewa shikamoo kuanzia asubuhi hadi jioni akarudi nyumbani hajazungumza na yeyote. Lakini pale Ujiji nilikuwa na jina. Waliniita Mzee wa Hodi, na walikuwa wakininyooshea vidole.

Filamu mpya ililetwa wakati wa kiangazi, siku ambazo upepo wa ziwani hupandisha vumbi na harufu ya dagaa wanaoanikwa mpaka ndani ya ukumbi. Kiongozi wa mashabiki wa yule wa ngozi, kijana wa bodaboda mwenye fulana iliyochapwa picha ya shujaa wake, alisogea akanipisha kwenye benchi.

"Shikamoo, Mzee wa Hodi. Leo unakufa kwa presha," alisema. "Huyu wa leo anaingia na ukuta mzima."

"Marahaba. Nimekuja na dawa zangu."

"Dawa hazitoshi, mzee. Nimeshaona kionjo chake. Ni noma."

Hakusema uongo. Katikati ya filamu alionyeshwa mama mmoja amekaa jikoni kwake anamenya viazi, hana habari na mtu. Ukuta ukapasuka, kabati la vyombo likaanguka kifudifudi, na kutoka kwenye vumbi akatokea Bwana Lubega, macho mekundu kwa kulia. Vijana wakapiga makofi. Mimi nikasimama.

"Amepiga hodi?" niliuliza.

"Mzee, unaziba."

"Nauliza, amepiga hodi?"

"Dunia inaisha, mzee wangu," alisema yule wa bodaboda, ananivuta koti kwa adabu. "Kimondo kinakuja. Hodi ya nini tena?"

"Kimondo kije, kisije, hilo ni jiko la mtu. Na sahani zile ni za mtu."

Wakacheka wote. Mama anayeuza samaki aina ya migebuka wa kukaanga mlangoni, ambaye huingia kutazama biashara ikilegea, alinitetea kutoka nyuma. "Mzee ana hoja. Mume wangu akiniingilia hivyo, hata kama ameokoa dunia, atalala nje."

"Mama, mumeo haokoi hata ugali usiungue," kijana alimjibu, na vicheko vikazidi. Nilikaa. Sitakana kwamba nilikuwa nimefurahi.

Baada ya filamu tulisimama nje kwenye kahawa, kama ilivyokuwa desturi, na ubishi ukaendelea. Nilieleza kwa utaratibu kwamba shujaa ni mwenendo wake, na kwamba ukimwondolea mtu mwenendo ukambakizia jina, umemwandikia mtu mwingine jina la marehemu. Yule wa bodaboda alinisikiliza huku akipekua simu.

"Tumalize leo," alisema. "Huyo wa joho refu, yule wa zilipendwa, ninaye humu. Nimemshusha mtandaoni, picha safi, sauti kama umekaa nao sebuleni. Weka hizi masikioni, mzee. Ukisikia hodi, mimi fulana hii naivua hapa hapa."

Alinipachika visikilizio vyake mwenyewe, baada ya kuvifuta kwenye suruali. Nikamwona Bwana Lubega wa kwanza, wa joho la kijivu, katika skrini ndogo kuliko kiganja. Tukio nililijua kwa moyo. Mjane amekaa chumbani peke yake, na shujaa anashuka kutoka angani mpaka dirishani. Pale ndipo aliposimama kila mara, akasema maneno yake, nasi tukamwitikia.

Hakusimama. Alinyanyua dirisha, akatia mguu mmoja, akatia wa pili, akawa ndani. Mjane alishtuka. Yeye akamwambia kwa Kiingereza asiogope. Nilimwomba kijana arudishe nyuma, akarudisha. Niliomba tena. Hapakuwa na kitu mdomoni mwa mtu yule isipokuwa pumzi.

"Imekatwa," nilisema.

"Imekatwa na nani, mzee?"

"Na waliokuuzia."

"Sijauziwa. Nimeshusha bure."

"Ndiyo maana imekatwa."

Walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Nilimrudishia vifaa vyake nikawaambia kwamba suala hili halitaamuliwa na simu. Yupo mtu atakayethibitisha, na nitarudi na jibu.

Mtu huyo ni mtafsiri wa zamani wa ukumbi ule. Enzi zile filamu zilikuja kwenye mikanda, kwa lugha ambazo wengi wetu hatukuzifahamu, na mtafsiri alikaa pembeni ya televisheni na maikrofoni mkononi. Mtu wa kwenye picha akifumbua kinywa, yeye alipunguza sauti ya mkanda akasema badala yake. Alikuwa shujaa, alikuwa jambazi, alikuwa binti wa jambazi kwa sauti nyembamba. Mtu ataniuliza kwa nini mimi, niliyefanya kazi kwa Kiingereza, sikusikia mwenyewe. Kiingereza changu ni cha waraka na dokezo. Kinasomeka vizuri, lakini kikisemwa upesi katika spika iliyochakaa, na mtu mwingine anazungumza juu yake, kinanipita. Zaidi ya hayo, niliamini. Katika kazi yetu tafsiri ilikuwa jambo la kiapo. Haikunijia kwamba mtu anaweza kupewa maneno akatoa mengine.

Na hodi ile ilikuwa imeingia mpaka nyumbani kwangu. Nilikuwa nikisafiri sana kikazi, Kasulu, Kibondo, kukagua masijala za wilaya, na niliporudi niligonga mlango wangu mwenyewe na kusema hodi. Mke wangu alijibu kutoka ndani, "Karibu, Bwana Lubega, ila pita mlangoni." Kisha alicheka peke yake jikoni, kwa muda mrefu kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Nililichukulia kuwa ni sifa. Niliona kwamba ananilinganisha na mtu mwenye nguvu na adabu, na katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumuuliza zaidi.

Nilimfuata mtafsiri kwake Rusimbi, siku ya kazi, asubuhi, saa ambayo mtu mzima huweza kumtembelea mwenzake bila kumwingiza katika gharama ya chakula. Alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa nje wa nyumba ya mwanawe, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Nilisimama kwenye ngazi.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Masijala."

Sikuitambua sauti. Nilikuwa nimesikia kwamba aliugua koo, lakini sikujua limeharibika kiasi kile. Sauti iliyokuwa ikijaza ukumbi na kutoka nje mpaka kwa wapita njia ilikuwa imebaki mkwaruzo, kama mtu anayekwangua ukoko. Mkwe wake aliniletea kigoda, akanisalimu, akatuacha.

"Mwakeye," alisema, akinitania kwa salamu ya kwetu, maana yeye ni wa Ujiji na siku zote aliniona mtu wa milimani.

"Mwakeye. Nimekuja kwa jambo la uthibitisho."

"Hujawahi kunijia kwa jambo jingine."

"Bwana Lubega wa kwanza," nilisema. "Alikuwa akipiga hodi. Ndiyo au siyo?"

Aliuangalia uso wangu aone kama ninatania, akaona sitanii. Akacheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi, ikabidi nimshikie ungo.

"Kwangu mimi alikuwa akipiga," alisema alipotulia.

"Siulizi kwako. Nauliza kwenye filamu."

"Kwenye filamu? Wale wanajua hodi? Wale wakitaka kuingia wanagonga, na wakiwa na haraka hata hawagongi. Hodi nilimpigia mimi."

"Kwa hiyo ulitia maneno yasiyokuwemo."

"Niliyatia mengi, bwana. Yule jambazi mwenye jicho moja, unamkumbuka?"

"Aliyekuwa akimkimbia mama mkwe wake."

"Hakuwa na mama mkwe."

Huyo mama mkwe nilikuwa nimemhurumia kwa miaka mingi. Mzee mwenzangu alichukua ungo wake akaendelea kuchambua, na kwa jinsi alivyoinamisha kichwa nilifahamu kwamba hakuona kosa lolote. Nilimweleza, kwa maneno niliyoyapanga njiani, kwamba watu wengi waliuchukua mwenendo wa yule shujaa kuwa kielelezo, kwamba mimi mwenyewe nimeutetea hadharani, na kwamba sasa vijana wananicheka kwa sababu ya uzushi wake.

"Basi laumu mwenyewe aliyezusha," alisema.

"Ndiye ninayezungumza naye."

"Siye. Mama mkwe ni wangu, huyo namkubali. Hodi si yangu." Aliokota jiwe kwenye maharage akalitupa uani. "Hodi ilikuwa ya mkeo."

Nilimwambia sikumwelewa.

"Ulikuwa Kibondo, au sijui wapi, na mafaili yako. Yeye akaja na majirani zake, wakakaa katikati, mkanda ndio kwanza umeingia mjini. Mtu wetu akashuka dirishani kwa yule mjane, akafungua, akatia mguu. Mkeo akasimama. Katikati ya ukumbi, bwana, watu wamejaa mpaka mlangoni. Akamnyooshea kidole kwenye televisheni. 'We! Huna wazazi? Nyumba ya mwanamke mpweke unaiingia hivihivi, hata hodi? Toka nje uanze upya.'"

"Mke wangu?"

"Mkeo. Watu walicheka, nikashindwa kutafsiri. Nikaweka maikrofoni chini. Nao hawakunyamaza, wakawa wanapiga kelele, 'Mtoe nje! Mtoe nje!' Nifanye nini? Nikarudisha mkanda nyuma. Mguu ukatoka, dirisha likafungwa, mtu akapaa akarudi angani alikotoka. Nikaachia tena. Alipofika dirishani nikasema, 'Hodi wenyewe.' Mkeo akajibu, 'Karibu,' akatengeneza khanga yake, akakaa. Tangu siku hiyo ningemwingizaje bila hodi? Wangenipiga."

Mkwe wake alipita na ndoo, nasi tukangoja apite.

"Hakunieleza," nilisema.

"Alikuja kwangu watu walipotoka. Akaniomba. Alisema, 'Mume wangu ni mtu wa ofisi. Usimwambie nilisimama ukumbini.' Nikamwambia hayanihusu." Alisita kidogo, kisha akaona heri amalize. "Juma lililofuata mkaja wote wawili, wewe umevaa shati la mikono mirefu. Mtu wetu akafika dirishani, nikapiga hodi. Mkeo akatia upindo wa khanga mdomoni. Na wewe ukamgeukia, nilikusikia kwa masikio yangu, ukamwambia, 'Unaona? Hayo ndiyo malezi.'"

Nililikumbuka lile. Nilimkumbuka na khanga mdomoni, macho yakimtoka machozi, na nilikumbuka kwamba nilimuuliza kama vumbi limemwingia. Alitikisa kichwa kuwa ndiyo.

"Nani wengine walijua?"

"Ukumbi mzima, bwana. Wengi wameshatangulia."

Aliniomba ningoje chakula. Nilikataa kwa heshima, nikamshukuru kwa maelezo yake, nikaondoka kwa miguu. Kutoka Rusimbi hadi kwangu kuna mahali barabara hupanda na ziwa linaonekana chini, na siku ile lilikuwa limetulia kabisa. Mtu mmoja alinipa shikamoo na sikumbuki kama niliitikia. Nilikuwa najaribu kuisikia sauti ya mke wangu ikisema maneno yale kwa nguvu, mbele ya watu, na sikuweza. Nilimfahamu akiimba jikoni, akijadili bei ya mawese, akiwaonya watoto kwa jicho. Mwanamke aliyesimama katikati ya ukumbi akamtoa nje shujaa wa filamu sikumfahamu. Majirani walimfahamu, na muuza tiketi alimfahamu. Mimi nililetewa malezi ya Bwana Lubega nikayatolea hotuba ofisini, na yalikuwa yametoka nyumbani kwangu, kwa mtu aliyeona ni salama zaidi nisijue.

Ningeweza kuacha mambo yalivyo. Hilo nalo ninaliandika kwa sababu nililifikiri mchana na usiku kabla ya Jumamosi. Mtafsiri hatoki kwake, na vijana wasingekwenda kumuuliza. Ningesema amethibitisha, au ningesema hakumbuki, na ubishi ungeendelea mpaka filamu nyingine na sura nyingine, nami ningeendelea kupishwa kwenye benchi na kutukanwa kwa adabu. Nilijua nikisema kweli sitakuwa na la kubishania. Lakini sikufanya kazi ile miaka yote ili nije nidanganye kibanda umiza.

Jumamosi hiyo nilisimama kabla taa hazijazimwa. Mtafsiri wa sasa, kijana msomi mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, alinipa maikrofoni mwenyewe, kwa kudhani naleta vichekesho.

"Nilisema Bwana Lubega wa kwanza alikuwa akipiga hodi," niliwaambia. "Nimefuatilia. Katika filamu hodi haikuwemo. Iliongezwa hapa ukumbini na mtafsiri. Kwa hiyo huyu wa sasa hakuacha jambo lolote alilokuwa nalo yule wa zamani. Pingamizi langu nimeliondoa."

Aliyesababisha iongezwe sikumtaja. Zamani alikuwa wa ukumbi mzima, na nilitaka sasa awe wangu walau kwa zamu.

Nilitegemea kelele, lakini hazikuja. Yule wa bodaboda alikuna shingo.

"Kwa hiyo tumeshinda?"

"Mmeshinda."

"Hata hubishi kidogo?"

"Sina hoja."

"Aa, mzee," alisema, kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa mchezo. "Sasa tutabishana nini?"

Yule mtafsiri kijana alinifuata wakati wa mapumziko. Alisema hodi ile imemfurahisha, na kwamba yeye anaweza kuirudisha, kazi ya sekunde tu, ukuta ukianza kupasuka aseme hodi kwa sauti ya Bwana Lubega, watu watacheka na mimi nitafurahi. Alikuwa amenikusudia wema. Nilimkatalia. Nilimwambia tafsiri ni tafsiri, na kisichosemwa kisisemwe. Aliitikia, "Sawa, mzee wangu," akarudi kwenye vyombo vyake, na kabla hajakaa nilikuwa nimeshajuta, lakini uamuzi uliokwisha kutolewa haubadilishwi kwa majuto ya mtoaji.

Tangu hapo wananiheshimu. Nikifika, mtu anainuka ananipa nafasi upande wenye hewa, ananipa shikamoo, anageuka kwa wenzake. Jina la Mzee wa Hodi limekufa taratibu bila mtu kuamua. Sasa ni mzee tu. Nje kwenye kahawa wanabishana kuhusu mwigizaji wa vazi la ngozi nyeusi, kwamba ameshasaini filamu nyingine au ameachishwa, na ikiwa ameachishwa nani atafaa. Yule wa bodaboda hulia kwamba wakimtoa huyu wameua kila kitu, kwamba huyu ndiye Bwana Lubega wa kweli, na kwamba atakayekuja atakuwa mtu mwingine aliyepewa jina lake. Hayo ni maneno yangu, karibu kama nilivyoyapanga. Namsikiliza, nakunywa kahawa, narudisha kikombe, napanda bajaji.

Juzi walirudia ile filamu ya ukuta, kwa maombi ya wengi. Nilikaa upande wenye hewa. Mama alikuwa jikoni anamenya viazi, na nilijua ni wapi ukuta utapasuka, kwenye kona ya kabati. Ukapasuka. Sahani zikamwagika, vumbi likatanda, na yule mtu wa vazi jeusi la ngozi akatokea akilia. Mtafsiri alikaa kimya, kama nilivyomwagiza.

Katika kimya kile nikaisikia. Ilikuwa sauti yake, ya Ujiji, nyepesi, kwa nguvu nisiyowahi kuisikia ikiitumia: toka nje uanze upya. Nikaliona lile jitu na misuli yake likirudi kinyumenyume ndani ya vumbi, matofali yakipanda moja juu ya jingine, sahani zikirukia kabatini, na mke wangu akitengeneza khanga yake, anakaa.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, na peke yangu, maana pale kwenye filamu ni mahali pa huzuni. Yule wa bodaboda, aliyekuwa benchi la mbele, aligeuka.

"Mzee, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tazama filamu yako."

Alitazama. Alilikodolea macho pazia la picha kwa muda, akitafuta kilichonichekesha, akanigeukia tena kuona kama bado nacheka. Kisha akaacha.